Aketiye Nyuma Ndiye Alijuaye Tuta

Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Jumapili hii naomba ruhusa yao niongeze neno moja: adhabu ya tuta aijuaye ni yule aketiye kiti cha nyuma.

Jirani yangu hapa Tabata, mfanyakazi wa bandarini, alinunua mwaka jana gari dogo la umeme lililokwisha kutumika Japani. Lilikuwa jambo la furaha mtaani. Gari halina moshi, halina ngurumo, na usiku hunywa umeme barazani kama ng'ombe aliyefungwa zizini. Mama yake mzazi, ambaye hupelekwa kliniki kila mwezi kwa maumivu ya kiuno, alikuwa wa kwanza kulibariki. Miezi mitatu baadaye akawa wa kwanza kulikimbia. Alfajiri moja jirani alitoka nje akamkuta mama amekwisha kujitanda khanga, mkoba mkononi, anaelekea kituo cha daladala.

"Mama, gari lipo. Mbona waniaibisha mbele ya watu?"

"Sikuaibishi, baba. Gari lako zuri. Ila kiuno changu kimelikataa."

Jirani hakuyaamini maneno hayo. Yeye aliliendesha gari kila siku na hakuona kasoro ya kumkimbiza mtu. Akawaza kwamba labda mkewe amemkosea mama, na maneno yakaanza kuwa mengi nyumbani. Aliponieleza habari hiyo nilimwomba jambo moja tu: anipe mimi usukani, naye aketi pale anapoketi mama. Tukazunguka mitaa yetu. Tulipofika tuta la tatu alikuwa amekishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Tulipovuka la tano akaniomba nisimame.

Ndugu msomaji, hapo ndipo lilipo fundisho la kwanza. Dereva huketi katikati, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Abiria wa nyuma huketi karibu kabisa na ekseli ya nyuma, na kila pigo la barabara humfikia yeye moja kwa moja. Tena dereva huliona tuta kabla hajalifikia, akajikaza, abiria hushtukizwa. Kwa hiyo mwenye gari asiyewahi kuketi nyuma ya gari lake hana haki ya kubishana na mzee wake.

Lakini kwa nini gari la umeme liwe gumu? Sababu kubwa ni uzito. Chukua mfano wa Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010. Betri yake peke yake ina uzito unaokaribia kilo 300, ndani ya gari la kilo 1,500 hivi. Hao ni sawa na abiria watano wa kilo 60 kila mmoja, wasioshuka kituo chochote. Ni kweli kwamba gari hilo halina injini ya petroli wala tangi, lakini hata ukiviondoa hivyo, mzigo unabaki kuwa mkubwa kuliko wa gari la petroli la umbo lile lile. Ili kuubeba, wahandisi huweka springi ngumu zaidi. Sababu ya pili ni ukimya: pale ambapo injini ingefunika sauti, kila kishindo sasa husikika, na kinachosikika huonekana kikubwa zaidi.

Wenye viwanda wenyewe wanalifahamu jambo hili. Mwaka 2023 kampuni ya Tesla ilipotoa Model 3 iliyofanyiwa marekebisho, mojawapo ya mambo iliyoyabadili lilikuwa springi na shokapu, ili safari iwe na upole zaidi.

Turudi kwa jirani. Baada ya kuuonja ubao wa nyuma, alifanya lile ambalo wengi wetu tungelifanya: alipunguza upepo wa matairi kwa kukisia. Siku mbili gari likawa laini, naye akatembea kifua mbele. Siku ya tatu akaingia shimoni, rimu ikapinda. Fundi alipoweka geji akakuta paundi 22, ilhali kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaagiza paundi 36.

Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kupita kiasi kila linapozunguka. Hupata joto, huliwa pembeni, na mwisho laweza kupasuka likiwa katika mwendo. Tena hula umeme, kwa kuwa mota inalazimika kulisukuma gari lililolegea. Upole wa namna hiyo ni mkopo unaolipwa kwa damu.

Hata hivyo, upepo wa kupita kiasi nao ni adui. Kabla ya kupunguza, jirani alikuwa akitembea na paundi 44, kwa sababu kijana wa pampu hujaza kwa mazoea bila kuuliza. Tairi lililojaa hivyo huwa kama jiwe. Basi, hatua ya kwanza haina gharama kubwa: nunua geji yako, pima asubuhi matairi yakiwa baridi, na uweke kiasi kinachoagizwa na kibandiko cha gari lako. Usipime baada ya safari ndefu, kwa kuwa joto huongeza paundi, nawe utadanganyika na kuutoa upepo ambao ulistahili kubaki.

Hatua ya pili ni kuzisoma namba za ubavuni mwa tairi. Tairi lililoandikwa 205/55R16 lina upana wa milimita 205, na kimo cha ubavu wake ni asilimia 55 ya upana huo, yaani karibu milimita 113. Hiyo ndiyo saizi iliyokuja na Nissan Leaf nyingi. Jirani aliuziwa gari likiwa na rimu za inchi 18 zinazometameta na matairi ya 215/40R18. Piga hesabu: asilimia 40 ya 215 ni milimita 86. Kwa ajili ya urembo alikuwa amepoteza milimita 27 za mpira na upepo, na mpira huo na upepo huo ndio godoro la kwanza baina ya lami na kiuno cha mama. Aliziuza rimu zile, akarudi kwenye inchi 16, na fedha kidogo zikabaki. Unaponunua matairi angalia pia namba ya uwezo wa kubeba. Namba 91, kwa mfano, maana yake ni kilo 615 kwa kila tairi. Usichukue namba iliyo chini ya ile iliyoagizwa kwa gari lako, hata kama muuzaji atakuapia.

Hatua ya tatu ni ya gereji. Gari lililokwisha kutumika huja na shokapu zilizochoka na bushi zilizolika, na ugumu mwingi tunaoulaumu kiwanda ni uchakavu mtupu. Kandamiza kona moja ya gari kwa nguvu kisha uachie. Likirukaruka zaidi ya mara moja au mbili, au ukiona mafuta yamevuja kwenye shokapu, imekwisha. Zibadilishe mbili mbili, za kushoto na za kulia, na ziwe zilizotengenezwa kwa gari hilo. Yupo fundi atakayekushauri ufunge springi laini za gari la petroli linalofanana nalo. Mkatalie kwa heshima. Springi hizo zitazidiwa na mzigo, gari litashuka, na tumbo lake litaanza kupiga chini, nako chini ndiko iliko betri. Vivyo hivyo spesa za kunyanyulia gari: zitakuongezea kimo, lakini hazitakuongezea ulaini. Na gari likipigwa jeki, jeki iwekwe mahali palipoandaliwa tu, kamwe isiwekwe chini ya betri.

Hatua ya nne ni ya mguu wako mwenyewe. Madereva wengi hufunga breki wakiwa juu ya tuta. Gari linapofunga breki huinamisha pua, springi za mbele hukandamizwa, na pigo linapokuja hazina tena nafasi ya kulipokea. Punguza mwendo kabla ya tuta, uachie breki, ndipo upande taratibu. Zaidi ya hayo, gari la umeme hujizuia lenyewe unapoinua mguu, kwa kuwa mota hurudisha umeme kwenye betri. Ukiinua mguu ghafla, abiria hutupwa mbele. Ukiukanyaga ghafla, hutupwa nyuma. Mzee mwenye kiuno kibovu hupata taabu kwa mambo hayo kama apatavyo kwa matuta, na mtoto huishia kutapika. Inua mguu kama unayemshusha mtoto aliyelala.

Je, baada ya hayo yote gari la jirani limekuwa kitanda? La. Springi ngumu hubaki ngumu, na atakayekuahidi vingine anaitafuta fedha yako. Lakini siku ya kliniki iliyofuata mama alikubali kupanda, kwa sharti moja: aketi mbele, na mto mdogo nyuma ya kiuno. Mkewe jirani, ambaye siku zote huketi mbele, alihamia nyuma bila kuambiwa mara mbili. Walipofika rasta za kuingilia kliniki, jirani alipunguza mwendo mpaka daladala la nyuma likampigia honi.

"Waache wapige," mama akasema. "Wao hawana kiuno changu."

Nilimuuliza jirani ni lipi kati ya yote lililomgharimu zaidi. Nilitazamia ataje shokapu. Akasema ni zile wiki mbili alizokaa bila kuzungumza vizuri na mkewe, akimshuku kwa kosa lililofanywa na matairi.

Ndugu zangu wenye magari, yawe ya umeme au ya petroli, leo ni Jumapili na huenda mnaipeleka familia kutembea. Kabla ya kuondoka mpeni mwingine mwenye leseni usukani kwa dakika kumi, nanyi mkaketi nyuma. Mkishuka hapo mtakuwa mmejifunza jambo ambalo abiria wenu wamelijua siku nyingi, na kwa heshima tu hawakulisema.