Foleni Iliyokwama Haina Hatia

Iko itikadi iliyoenea miongoni mwa mafundi wanaohudumia programu za kusafirishia data, na aghalabu hurithiwa na mwanafunzi kutoka kwa fundi wake pasipo kudaiwa ithibati, ya kwamba foleni ikishajaa na kusimama, dawa yake ni moja kati ya tatu: kuizima seva na kuiwasha upya, kuimwaga foleni yenyewe, au kuipandishia kikomo ili ipate kumeza zaidi. Wenye kuishika itikadi hii hawana hoja nyingine ila kwamba mara nyingi mambo hutengenea baadaye. Mimi naikana, na nadai kwamba katika misiba ya namna hii foleni ndiyo isiyo na hatia, na kwamba mwenye kuiadhibu humwacha mkosaji huru arejee usiku wa pili.

Tuichukue NiFi, programu iliyozaliwa ndani ya Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani kwa jina la Niagarafiles, kisha mwaka 2014 ikakabidhiwa Apache Software Foundation ili itumiwe na kila atakaye. Humo kila prosesa ina kazi yake, ama kusoma, ama kubadili, ama kuandika, na baina ya prosesa na prosesa pana foleni yenye vikomo viwili ambavyo, asipovigusa mtu, ni vipande 10,000 vya data au ukubwa wa GB 1. Foleni ikifikia kimojawapo, prosesa iliyo juu yake huzuiwa kwa makusudi isipewe zamu mpaka iliyo chini ipunguze mzigo. Kwa kuwa ya juu imezuiwa, foleni inayoilisha nayo hujaa, na inayoilisha hiyo hujaa vilevile, hata kizuizi kifike kwenye mlango wa kuingilia, na hapo ndipo mkubwa wa idara anapouona wekundu kwenye kioo na kupiga simu kwa ghadhabu.

Mpango huu haukuwekwa kwa bahati mbaya. Ndio unaoilinda seva isizame. Lakini matokeo yake ni kwamba taabu huonekana mwanzo wa njia ilhali chanzo chake kiko mbali huko chini, na fundi anayeanza kutibu pale alipooneshwa hukosea tangu hatua ya kwanza. Linalompasa ni kushuka pamoja na mtiririko, akiipita foleni moja iliyojaa baada ya nyingine, hata aifikie prosesa ambayo foleni yake ya kuingilia imefurika na ile ya kutokea ni tupu. Hapo asimame, asiguse kitu, asome.

Tuseme prosesa hiyo ni ya kuandika katika hifadhidata. Kwenye pembe yake ya juu, upande wa kulia, pana tarakimu 1, maana yake uzi mmoja wa kazi umo ndani. Nawe ukitazama hesabu ya kazi zilizomalizika katika dakika 5 zilizopita, wakuta 0. Tarakimu hizo mbili zikikutana na kudumu hivyo, jambo limekuwa bayana: uzi uliingia na haujatoka. Yapo hata mazingira ambayo foleni husema ina vipande vitano, nawe ukiomba orodha huonyeshwi hata kimoja, na wageni wa programu hii huapa kwamba inawahadaa. Hasha, vipande hivyo vimeshikwa na uzi ule ule, na orodha haionyeshi kilicho mkononi mwa prosesa. Toa amri ya nifi.sh dump, uisome taarifa ya nyuzi mstari kwa mstari, na aghalabu utaukuta uzi umekaa ukisoma soketi, ukingojea jibu la hifadhidata ambayo yumkini jedwali lake limefungwa na muamala wa mtu mwingine, au ambayo muunganisho wake ulikatwa njiani kimyakimya pasipo upande wowote kuarifiwa. Dawa ya hayo ni kuweka ukomo wa muda wa kungojea, na kwenda kuzungumza na msimamizi wa hifadhidata. Foleni haimo katika dawa hiyo hata kidogo.

Watasema: mbona tukiizima na kuiwasha hupona? Hupona kwa kuwa uzi uliokwama hufa pamoja na programu, na muunganisho mpya hufunguliwa, ilhali sababu ingali pale pale. Vipande havipotei, kwani NiFi huandika habari zao katika diski na kuzisoma tena inapoamka; kinachopotea ni ushahidi wa nyuzi, ambao haurudi. Fauka ya hayo, kazi iliyokatizwa kabla haijathibitishwa hurudishwa kwenye foleni na kuanzwa upya, hata kama hifadhidata ilikwisha kuipokea, na hapo yawezekana mshahara ukalipwa mara mbili; mwenye kulipwa hatalalamika, atakayelalamika ni mhasibu. Nakiri kwamba seva iliyoishiwa kumbukumbu haina budi kuwashwa upya, walakini hata hiyo, ikiwa bado yajibu, ichukuliwe taarifa kwanza.

Ama kupandisha kikomo, hesabu yake ilithibitishwa na John Little tangu mwaka 1961: idadi ya walio ndani ni sawa na kasi ya kupita mara muda wa kungojea. Prosesa inayotoa vipande 50 kwa sekunde huimaliza foleni ya 10,000 kwa sekunde 200. Ukiipa kikomo cha 1,000,000 nayo ikajaa, kipande kinachoingia mwisho kitangoja zaidi ya saa 5 na nusu, na kasi ya kutoka haikuongezeka hata kwa kipande kimoja. Ulichonunua ni kuchelewa, na diski inayojaa. Mahali pamoja tu naiona faida yake, napo ni pale prosesa mbili zinaporudishiana vipande kwa mzunguko na foleni zote mbili zikajaa, kila moja ikiingoja mwenziwe. Hapo kikomo huinuliwa kwa muda ili fundo lifunguke, kisha mzunguko wenyewe usukwe upya.

Kumwaga foleni sikutaka hata kukujadili, kwa maana data ni amana ya watu. Nawaomba wakubwa wa idara jambo moja lililo katika uwezo wao. NiFi ina idhini mahsusi ya kubadili data, iliyo mbali na ile ya kuhariri mtiririko, na asiyepewa hiyo hawezi kumwaga foleni. Iondoeni kwa mafundi wa zamu, mpeni mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na asiitumie kabla hajaweka mezani taarifa ya nyuzi na maelezo ya maandishi ya prosesa iliyokwama.