Mpe mashine, usimpe funguo za nyumba nzima

Leo nina jambo ambalo limenikera kwa muda: nani aruhusiwe kuunda mashine pepe katika wingu la ofisi, yaani lile linaloendeshwa kwenye seva zetu wenyewe?

Niwape kisa. Mahali fulani nilipofanya kazi tulitumia OpenStack. Kwa kuwa tulikuwa wachache, sote tulipewa wadhifa wa admin. "Tunaaminiana," bosi alisema. Ijumaa moja jioni mwenzetu alitaka kupima programu yake chini ya mzigo mkubwa. Akajiongezea kikomo, akawasha mashine 30, akaenda zake nyumbani. Sasa, Nova, sehemu ya OpenStack inayosimamia mashine pepe, siku hizo kwa kawaida iliahidi RAM mara 1.5 ya ile iliyopo: seva yenye GB 128 iliweza kuahidi GB 192. Ahadi hizo hazina shida mpaka siku kila mtu anapodai chake. Usiku ule RAM iliisha, na Linux, kama ilivyo desturi yake, ikaua programu iliyokula RAM nyingi kuliko zote. Nayo ilikuwa mashine ya hifadhidata ya malipo.

Jumatatu bosi akageuka. Fomu, sahihi tatu, wiki nzima kungojea mashine ya majaribio. Mnadhani tulitii? Tulihamishia kazi kwenye laptopu zetu, pamoja na nakala za data za wateja, majina na nambari za simu. Laptopu moja ikaibwa kwenye matatu. Kwangu mimi hasara hii ya pili ilizidi ile ya kwanza. Hifadhidata tuliirejesha kutoka kwenye nakala ya akiba, lakini nambari za watu zikishatoka hazirudi. Na tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, hilo si jambo la kuchekwa tu na kusahauliwa.

Kwa hivyo siungi mkono mlango wazi, wala kufuli. Naunga mkono mipaka inayojulikana mapema, ambayo ndani yake mtu hahitaji kumwomba yeyote.

Kwanza, kila timu ipewe mradi wake na kikomo chake. Nova huanza na mashine 10, viini 20 na RAM ya MB 51,200 kwa kila mradi. Punguza au ongeza, lakini usiondoe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, admin awe mmoja au wawili. Wengine wapewe wadhifa wa member, na wa kutazama tu wapewe reader. Usimpe mtu admin "katika mradi wake tu" ukidhani umembana. Hitilafu nambari 968696, iliyoripotiwa mwaka 2012, ilihusu jambo hilo hilo: admin wa mradi mmoja alikuwa admin wa wingu zima.

Tatu, kama kuna wanaostahili kuwasha na kuzima mashine lakini si kuunda mpya, tengeneza wadhifa wa pekee kwa wanaounda, kisha katika faili ya policy.yaml ya Nova uufunge kwa kanuni ya os_compute_api:servers:create. Usisahau ile ya resize. Nimeona watu wakizuia kuunda, halafu mtumiaji akaichukua mashine yake ndogo na kuikuza mara nane.

Nne, kuficha kitufe si kuzuia. Ukikiondoa kitufe kwenye ukurasa wa Horizon na kuiacha Nova ilivyo, mtu atatoa amri ile ile kupitia terminali, na itakubaliwa.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1975 Saltzer na Schroeder waliandika kwamba kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu anazohitaji kwa kazi yake. Wakubwa wetu hupenda kusoma neno "tu" na kuruka "anazohitaji". Msanidi programu anahitaji mashine leo, si wiki ijayo. Mnyime, naye ataitafuta kwingine, mahali ambapo huna ruhusa ya kuzuia chochote.

Haya, nendeni mkahesabu ma-admin wenu. Wakizidi vidole vya mkono mmoja, anzeni hapo.