Kijana Anayecheza na Maumivu

Mwezi huu tunazungumza na akina mama ambao vijana wao wanacheza mpira au kukimbia. Jioni tunawaona wengi pale Nyamagana na Kirumba, na wengi wao huficha maumivu ili wasiachwe kwenye timu.

Sote tunamjua Mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, alianguka akaumia goti. Alifungwa bandeji akaendelea, akamaliza zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alisema nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio tu, bali kumaliza. Tunamheshimu sana. Lakini yule alikuwa mtu mzima na ile ilikuwa siku moja. Kijana wa miaka 15, ambaye mifupa yake ingali inakua, asifanye hivyo kila Jumamosi.

Mwaka 2017 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walieleza kwamba maumivu na jeraha si kitu kimoja. Mchezaji aweza kuvunjika katikati ya mechi asisikie sana. Mwingine jeraha limepona, lakini hofu, kukosa usingizi na maneno ya kocha vinamfanya aendelee kuumwa. Kwa hiyo, mama, usimwambie mwanao kuwa anajidekeza.

Tunachokiogopa zaidi ni vidonge. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa dukani kama pipi, vikamezwa kabla ya mechi. Maumivu yanafichika, kijana anazidi kujiumiza. Tena akiwa ametoka jasho jingi bila kunywa maji, dawa hizo zaweza kudhuru figo, na tumbo pia. Tramadoli ndiyo mbaya zaidi, maana huzoesha mwili; tangu Januari 2024 mchezaji akikutwa nayo mashindanoni anaadhibiwa.

Akirudi nyumbani anachechemea, mwambie aonyeshe panapouma. Akisugua paja zima, na yote mawili yanauma, huo ni uchovu wa misuli. Ale, alale, siku mbili tatu utaisha. Akigusa kwa kidole kimoja mahali pamoja juu ya mfupa, au pamevimba, au panamwamsha usiku, apumzike mazoezi na umpeleke hospitali akapimwe.