Uji Una Madonge, Wastani Usitudanganye

Juzi, katika mjadala wetu wanafunzi hapa Mbarara, mwenzangu alisema gesi inayozunguka galaksi ni nyembamba mno: chukua wastani wake, weka kwenye kompyuta, kazi imekwisha. Wengi wakaafiki. Mimi nakataa.

Gesi hiyo ni kama uji wenye madonge. Ndani ya gesi ya moto, yenye nyuzi za Kelvini zipatazo milioni moja, yamo madonge ya gesi baridi yenye nyuzi 10,000 hivi. Tunayatambua kwa alama yanazoacha katika mwanga wa kwezari ulio nyuma yake. Mwaka 1969 John Bahcall na Lyman Spitzer walipendekeza kwamba alama hizo hutoka kwenye gesi iliyoenea mbali kuzunguka galaksi. Mengine huenda yana upana wa makumi ya miaka ya nuru tu, ilhali visanduku vya modeli nyingi hupimwa kwa maelfu. Donge linamezwa na kisanduku.

Je, kuna hasara? Fanya hesabu. Gesi hupoteza joto kwa kufuata kipeo cha pili cha msongamano. Kisanduku kimoja kina 10, kingine 0. Wastani ni 5. Kipeo chake cha pili ni 25. Lakini kipeo cha pili cha 10 ni 100, na ukigawa kwa visanduku viwili unapata 50. Wastani umeficha nusu ya jibu! Na gesi inayopoa ndiyo inayozaa nyota.

Mimi nimekulia Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwaka 1958. Huko wastani naujua. Mvua inaweza kunyesha Rubondo, Juru pakabaki pakavu. Ukisema kaya ya wastani imekula, jirani aliyelala njaa umemfuta. Anayepanga kwa wastani humpangia mtu asiyekuwepo.

Mwenzangu atajibu kwamba kompyuta zetu hazina nguvu. Ni kweli. Basi tuweke katika modeli kizidishi cha madonge, tukitaje wazi, tukipime dhidi ya mwanga wa kwezari. Kushindwa kuona donge si ruhusa ya kulikana.

Wala asiniambie Kiswahili hakitoshi: neno tunalo, limetoka jikoni.

Wahadhiri wetu, tukiwaletea modeli, tuulizeni kwanza: madonge mmeyaweka wapi?