Betri ni Ghala, Si Kisima

Juma hili tuzungumze habari ya televisheni dunguni. Huenda mtu wa mjini akacheka, lakini sisi wa bonde la Rufiji twajua maana yake. Mpunga ukianza kutoa masuke, jamaa huhamia shambani kuamia ndege na kufukuza nguruwe, wakakaa huko majuma mengi. Dungu huwa ndiyo nyumba yao.

Zamani dunguni mlikuwa na redio na mawe yake, basi. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1974, na Bara ikangoja hadi 1994. Siku hizi vijana wataka mpira, nao wazee wataka taarifa ya habari. Tangu Februari 2024 mto wetu huu wazungusha mitambo ya umeme ya Bwawa la Julius Nyerere, lakini dungu la miti na nyasi halivutiwi waya kutoka nguzoni. Kwa hiyo kila mtu hutafuta betri.

Mimi mwenyewe nilikosea. Niliuza mpunga, nikanunua betri ya gari, nikaifunga na inveta na televisheni. Kila usiku tulitazama mpaka inveta ikalia na kuzima. Nilidhani betri ni kama kisima, ukiteka usiku, asubuhi maji yamerudi. Mwezi wa tatu ikafa. Mke wangu akaniuliza swali moja tu: “Je, na mbegu ungezila?”

Hapo nikafahamu. Betri ni ghala. Mwenye ghala huhesabu kabla ya kuchota, na chini huacha akiba.

Basi tuhesabu pamoja. Tazama nyuma ya televisheni yako, utaona wati zake. Tuseme ni wati 24, na king'amuzi wati 12, jumla 36. Gawanya kwa volti 12 za betri, wapata ampea 3. Betri iliyoandikwa ampea-saa 50, usitumie zaidi ya nusu yake, yaani 25. Gawanya 25 kwa 3: ni saa nane hivi. Ukitazama saa mbili kila usiku, una akiba ya siku nne hata wingu likitanda. Betri ikiwa kuukuu, saa hizo hupungua.

Kwa nini nusu tu? Kwa sababu betri ya risasi na asidi ikimalizwa mara kwa mara, au ikiachwa tupu siku nyingi, vibao vyake vya ndani huganda chumvi ngumu, visipokee chaji tena. Tena betri ya gari imeundwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kidogo kidogo usiku kucha. Yafaa kununua betri ya sola, ambayo vibao vyake ni vinene. Betri ya lithiamu huvumilia kutumiwa zaidi ya nusu, ila bei yake ni kubwa, nayo yataka chaja yake.

Ukiweza, nunua televisheni iliyoandikwa volti 12, uiunge bila inveta. Inveta nayo hula umeme, hata televisheni ikiwa imezimwa. Paneli ya wati 50, ikipata jua zuri saa nne, huleta kama wati-saa 200. Hata tukitoa robo kwa upotevu, yabaki 150, na televisheni yako na king'amuzi kwa saa mbili vyatumia 72 tu. Kati ya paneli na betri weka chaji kontrola. Unga betri kwanza, ndipo paneli. Televisheni nayo iunge kwenye kontrola hiyo, maana nyingi hukata umeme zenyewe kabla betri haijaisha. Hakikisha tu kwamba ampea zake zatosha.

Sasa sikilizeni neno la hatari. Dungu ni nyasi. Weka fyuzi karibu na kichwa cha chanya cha betri, ili waya zikigusana zisiwake moto. Betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka, kwa hiyo usiiweke penye koroboi wala sigara. Panga likiangukia vichwa viwili kwa pamoja, cheche zake ni kali. Vifunike kwa kipande cha mpira. Katika mtumbwi isimame wima, ndani ya ndoo au sanduku, maana asidi huunguza ngozi na macho. Ikimrukia mtoto, mwoshe kwa maji mengi papo hapo, usingoje, kisha mpeleke hospitali.

Mwisho, pangeni nyumbani nani ale kwanza katika ghala hili. Mimi nasema taa ya mtoto anayesoma iwe ya kwanza, simu ya pili, televisheni ya tatu. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Usiku kama ule simu iliyozima haimwiti mwenye mtumbwi. Basi fainali ya mpira ikiwa tamu namna gani, kontrola ikionyesha nusu, baba na asimame azime. Vijana watanung'unika kidogo, na kesho jua litatoka.