Trauti wa Gura na Ukimya wa Kuazima

Nimechoka na insha za kupiga kambi Nyandarua. Mnazijua. Mwandishi anatoka Nairobi Ijumaa, anapanda hadi kwenye nyika ya baridi iliyo juu ya mianzi, mita 3,000 hivi, anasimamisha hema kando ya Mto Gura, anawasha moto, anarusha ndoano yenye manyoya, trauti ananasa. Halafu tunaambiwa eti amekutana na asili ambayo haijaguswa. Sentensi fupi fupi, hisia hazitajwi. Kahawa imo, kwenye kikombe cha bati, lazima.

Haijaguswa na nani? Huyo trauti mwenyewe ni mgeni. Mlowezi Ewart Grogan ndiye aliyemleta kutoka Scotland mwaka 1905 na kumwachia ndani ya Gura. Ni Grogan yule yule ambaye mwaka 1907 aliwachapa Wakikuyu watatu viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Wenyeji wa miteremko ile, kwa mila zao, hawakuwa walaji wa samaki. Kwa hiyo mto ulijazwa samaki kwa ajili ya starehe ya watu wengine. Mwandishi gani anaokota kisa kama hiki na kukitupa? Wetu. Wanakipita kama matatu inavyompita mtu asiye na nauli.

Najua wanamwiga nani. Mwaka 1925 Hemingway alichapisha "Big Two-Hearted River". Nick Adams anashuka kwenye treni huko Michigan, anatembea, anapiga kambi, anapika maharage, anavua trauti kwa chambo cha panzi. Hakuna kingine kinachotokea. Vita havitajwi hata mara moja, lakini mji ulioungua na panzi waliogeuka weusi wanakwambia kijana huyu ametoka wapi. Ukimya ule una kitu chini yake. Huku kwetu waandishi wameazima ukimya, wakaacha kile kitu.

Na kitu kipo, jameni! Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Msitu wa Nyandarua ukapigwa marufuku, na ndege za Lincoln za Waingereza zikaangusha mabomu juu ya miti hiyo hiyo. Watu waliishi humo miaka, wakiwasha moto kwa hofu ya moshi kuonekana. Sasa wewe unawasha wako, unasifu moshi unavyopanda taratibu kati ya magenge, na hukumbuki kwamba moshi huo huo uliweza kumuua mtu? Meja Mwangi alikumbuka. Katika *Carcase for Hounds* ya 1974 msitu ni mvua, njaa, na jenerali aliyejeruhiwa akiozea pangoni. Hakuna anayetoka humo akiwa amepata utulivu wa moyo.

Kuna atakayeniuliza: kwani mtu hawezi kwenda tu kuvua akapumzika? Aende. Mimi pia hulala huko, na ile baridi ya alfajiri, maji yakinguruma chini ya korongo, siibadilishi na kitanda cha hoteli yoyote. Alipe ada ya hifadhi, akate leseni ya kuvua, ale samaki wake. Lakini akishika kalamu ameingia kwenye kazi nyingine. Hapo asiniuzie mbuga iliyotangazwa 1950, ikazungushiwa msitu wake uzio wa umeme wa karibu kilomita 400, kana kwamba ni bustani ya Edeni.

Kinachoniuma zaidi ni lugha. Kiswahili chetu cha uvuvi kimejaa pwani: dema, jarife, ngalawa. Mto wa mlimani, wenye mawe yanayoteleza na maji yanayokata mifupa, tumeuachia Kiingereza, tena Kiingereza cha matangazo ya utalii. Hata jina la samaki tumelikopa bila kuuliza alifikaje.

Anayeandika insha ijayo aanze hapo, kwa Grogan, au kwa moshi. Nitaisoma yote, hata kikombe cha bati kikiwemo.