Nyumba Imeponyoka, Nyumba Isivunjike

Mwezi huu tunazungumzia msiba usio na matanga: pale nyumba mliyokuwa mkiinunua inapowaponyoka kabla ya kukabidhiwa.

Mtu akifiwa, majirani huja, hupika, hulala naye. Lakini familia iliyolipa arbuni, ikahesabu vyumba na kumwonyesha mtoto dirisha lake, kisha ikaambiwa kwamba mauzo hayapo tena, aghalabu haipati wa kuipa pole. Huulizwa tu, “Kwani hamkuchunguza?” Kwa sababu hiyo wengi huficha, na huumia kimyakimya.

Katika lugha yetu, nyumba ni matofali na bati, na pia ni mume, mke na watoto. Ile ya kwanza ikiponyoka, hatari kubwa ni kuipoteza na ya pili.

Kwa nini huponyoka?

Sababu ni nyingi, na si kila mara kuna tapeli. Huenda muuzaji amepata mwenye bei kubwa zaidi. Huenda mkopo mliotegemea umekataliwa. Huenda nyumba imewekwa rehani, au ni ya marehemu na anayeiuza hakuteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Na mara nyingine mke wa muuzaji hakushirikishwa.

Mama mmoja tunayemfahamu alipatwa na hili la mwisho. Yeye na mumewe walikwisha kulipa karibu nusu ya bei, kwa mkopo wa SACCOS na fedha za mradi wake wa kuku. Walikwisha pia kumwarifu mwenye nyumba wao kwamba wanahama. Siku chache kabla ya kumalizia malipo, mke wa muuzaji alifika kutoka kijijini akasema nyumba ya watoto wake haiuzwi. Hapa Tanzania sheria iko upande wake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mama yule alilia sana, lakini alituambia, “Ningekuwa mimi ndiye yule mke, ningefanya vile vile.”

Siku za kwanza

Jioni ya siku hiyo ndipo lawama huanza. Baba husema, “Dalali huyo ulimleta wewe.” Mama hujibu, “Wewe ndiwe uliyekuwa na haraka.” Yote mawili yaweza kuwa kweli, wala hayarudishi hata shilingi moja.

Twashauri hivi: kwa wiki moja msijadili nani alikosea. Jadilini mambo matatu tu, tena kwa kuyaandika: kodi, ada za shule, na marejesho ya mkopo. Nendeni kwa mwenye nyumba mapema, kabla hajampa mpangaji mwingine vyumba vyenu, mkaombe kuendelea. Nendeni SACCOS au kwenye kikundi kabla tarehe ya rejesho haijafika, mkaeleze yaliyotokea. Mkopaji anayekuja mwenyewe husikilizwa kuliko anayetafutwa.

Waambieni watoto ukweli mfupi: “Ile nyumba hatukuipata. Tutaendelea kukaa hapa, na shule ni ile ile.” Mtoto asiyeambiwa kitu, akisikia wazazi wananong’ona usiku, hudhani yeye ndiye kosa. Kwa ndugu waliokwisha kupewa habari njema, baba na mama wakubaliane maneno mamoja ya kusema. Mama asiachwe peke yake kujibu maswali ya mawifi.

Makaratasi na fedha

Yeremia aliponunua shamba kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, hati zilitiwa sahihi mbele ya mashahidi, zikahifadhiwa katika chombo cha udongo. Nanyi kusanyeni kila karatasi: mkataba, stakabadhi, risiti za benki, ujumbe wa simu kuhusu malipo. Mashahidi waliokuwapo, waandikeni majina. Muuzaji akisema, “Leteni mkataba tuuchane, fedha nitawapa,” msikubali. Mpeni nakala, karatasi zenyewe zibaki kwenu hadi fedha zote zirudi.

Akiahidi kurudisha kwa mafungu, iandikwe ni kiasi gani na tarehe ipi, naye atie sahihi mbele ya mashahidi. Msitegemee neno la dalali. Someni pia mkataba unasema nini kuhusu arbuni. Muuzaji akivunja makubaliano, kwa kawaida mna haki ya kudai fedha zenu na hata fidia. Lakini kama mliojitoa ni ninyi, huenda mkataba unamruhusu kuzuia sehemu. Ikiwa aliuza nyumba moja kwa watu wawili, au aliuza isiyo yake kwa kuwadanganya, huo ni utapeli, na polisi wanahusika.

Asiyeweza kumlipa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, huwasaidia akina mama. Hao watawaeleza kama shauri lenu ni la Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au la mahakama. Msikae sana: kwa kawaida madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6.

Wala msikimbilie nyumba nyingine ili kufuta aibu. Mtu mwenye uchungu hununua vibaya. Mkianza tena, ombeni upekuzi kwa Msajili wa Hati ikiwa nyumba ina hati, na kabla ya kutoa arbuni ulizeni: mke au mume wa muuzaji yuko wapi?

Mwili nao huumia

Sisi tulio wauguzi huwaona akina mama hawa kliniki. Huja wakilalamika kichwa, tumbo kuwaka au moyo kwenda mbio, na neno nyumba hulitaja wakiwa mlangoni, wakitoka. Kukosa usingizi siku chache baada ya hasara ni jambo la kawaida. Lakini usingizi, hamu ya kula na furaha vikitoweka kwa wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya ukaeleze yote. Mwenye presha au kisukari asiache dawa zake ati kwa kuwa fedha ni kidogo. Vidonge vya usingizi vya jirani msivitumie. Mwili huvizoea, kuviacha ikawa taabu.

Mtazameni na baba. Wengi hawalii, hunyamaza, au huanza kuchelewa baa. Na yeyote atakayesema, “Afadhali nife,” msimwone anatania. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mama yule tuliyemtaja bado amepanga vyumba vile vile. Muuzaji amerudisha mafungu matatu. La nne wanalifuatilia pamoja na msaidizi wa kisheria. Banda la kuku limejaa tena. Mumewe, ambaye kwa miezi miwili walikuwa hawasemezani ila kwa habari za chumvi na mkaa, sasa ndiye anayekwenda kununua chakula cha kuku.

Katika kikundi chenu mwezi huu, ulizaneni: kuna mwenzetu aliyeacha kuja tangu habari za nyumba yake zilipozimika? Mwendeeni. Msimwulize alichunguza au hakuchunguza. Mpeni pole, mkae naye.

Tukutane mwezi ujao.